Kukomea na Kukomoa: Namna Bakteria Wanavyodhibiti Mota Zao za Nguvu, na Maneno Tuliyo Nayo ya Kulieleza Jambo Hilo

Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza kwa Kiswahili jambo ambalo kwa kawaida huelezwa kwa Kiingereza au, kwetu Kongo, kwa Kifaransa: namna bakteria wanavyodhibiti vimeng'enya vyao vinavyozunguka kama mota. Msomaji wa jarida la Kiswahili ana haki ya kuuliza mtu wa isimu anatafuta nini katika nyumba ya wanabiolojia. Jibu letu ni kwamba jambo hili lina neno moja la Kiswahili linalolipindisha, na Kiswahili hicho hicho kina kipengele cha sarufi kinachoweza kulinyoosha.

Aidha, jambo hili si la maabara peke yake. Kongo imo katika orodha zote tatu za Shirika la Afya Duniani za miaka ya 2021 hadi 2025 zinazotaja nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu: orodha ya kifua kikuu cha kawaida, ya kifua kikuu kinachoandamana na virusi vya UKIMWI, na ya kifua kikuu sugu. Na mojawapo ya dawa kuu zinazotumika sasa dhidi ya kifua kikuu sugu hufanya kazi kwa kuisimamisha mota tunayoizungumzia. Muuguzi wa Baraka, wa Fizi au wa Kazimia, na mwenzake wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika katika kambi ya Nyarugusu ambako watu wetu wengi wameishi tangu mwaka 1996, hawana budi kumweleza mgonjwa kwa nini ameze vidonge hivyo kwa miezi mfululizo. Maelezo hayo hayatolewi kwa Kifaransa, wala kwa Kiingereza. Hutolewa kwa Kiswahili.

Neno kimeng'enya

Tuanze na neno lenyewe. Istilahi sanifu ni kimeng'enya, ijapokuwa upande wetu wa ziwa wengi waliosoma kwa Kifaransa husema tu enzimu. Neno hilo limeundwa kutokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kukivunjavunja chakula hadi kiwe chembe ndogo ambazo mwili unaweza kuzichukua. Waliolibuni walitazama mate na tumbo, na kwa vimeng'enya vya namna hiyo hawakukosea hata kidogo. Taabu inaanzia kwenye vimeng'enya vinavyojenga. Msomaji anayeambiwa kwamba kimeng'enya fulani kinaunda kitu huwa anasikia sauti mbili zinazopingana: mzizi unasema kuvunja, sentensi inasema kuunda.

Kwa mota tunayoitazama hapa mgongano huo ni mkubwa kuliko mahali pengine popote tunapopajua, kwa sababu mota hii hufanya yote mawili. Ikizunguka upande mmoja, inaunda. Ikizunguka upande wa pili, inavunja. Na karibu udhibiti wote ambao bakteria wamejiwekea juu yake unahusu swali moja: lini iruhusiwe kuvunja, na lini izuiwe.

Mota na bwawa

Seli yoyote iliyo hai hulipia kazi zake kwa molekuli inayoitwa ATP, yaani adenosini trifosfati, yenye fosfati tatu. Fosfati moja ikikatwa, nguvu hutoka, na kinachobaki ni ADP yenye fosfati mbili. Kuirudisha ile ya tatu mahali pake ndiyo kazi ya mota yetu.

Nguvu ya kuirudisha inatoka wapi? Msomaji wa Kivu Kusini hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Maji yanashuka kati ya maziwa hayo kwa mto Ruzizi, na njiani huzungusha mitambo ya umeme ya Ruzizi I, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ya Ruzizi II, ya mwaka 1989. Bakteria naye ana ziwa lake la juu. Anapopumua, husukuma protoni nje ya utando wake hadi zikajazana huko. Protoni hizo zinataka kurudi ndani, na njia zilizo wazi ni chache. Njia kuu hupita katika gurudumu dogo lililopachikwa ndani ya utando. Kila protoni inayopita hulisogeza gurudumu hilo jino moja. Juu ya gurudumu umesimama mhimili, ambao wataalamu huuita gama, na mhimili huo unazunguka ndani ya kichwa kisichozunguka, kilichoshikiliwa na nguzo ya pembeni. Kichwa kina vipande sita vilivyopangwa kwa kupokezana, alfa tatu na beta tatu, na kina vyumba vitatu vya kazi. Mhimili ukigeuka mzunguko mmoja, kila chumba kinatoa ATP moja, jumla tatu. Mashine nzima ina urefu wa nanomita 20 hivi, yaani sehemu 20 kati ya milioni moja za milimita.

Idadi ya meno ya gurudumu hutofautiana kwa kila aina ya bakteria. Yule wa utumbo aitwaye E. coli ana meno 10. Jamaa wa bakteria wa kifua kikuu waliochunguzwa wana 9. Bakteria wa kijani aitwaye Arthrospira platensis ana 15, na nduguye ndiye chakula kikuu cha heroe wa maziwa ya Nakuru na Bogoria nchini Kenya. Mwenye meno mengi hulipa protoni nyingi kwa kila ATP, lakini huweza kuunda ATP hata pale ambapo msukumo wa protoni ni dhaifu. Jambo hili linastahili makala yake peke yake, nasi tunalipita.

Kwamba mashine hii inazunguka kweli lilikuwa wazo lililobishaniwa kwa miaka mingi. Paul Boyer wa Marekani alilitetea kwa hoja za kikemia. John Walker wa Uingereza na wenzake walichapisha mwaka 1994 umbo la kichwa chake, lililopatikana kwa kutumia fuwele, na ilionekana wazi kwamba vyumba vitatu haviko katika hali moja. Mwaka 1997 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Jens Skou wa Denmark. Mwaka huo huo Wajapani Hiroyuki Noji, Ryohei Yasuda, Masasuke Yoshida na Kazuhiko Kinosita walikipachika kichwa cha mota ya bakteria apendaye joto juu ya kioo, wakaugandisha uzi mrefu kwenye mhimili wake, wakautazama kwa hadubini. Uzi ulizunguka.

Hapa tunaomba msomaji atusikilize kwa makini. Katika jaribio hilo la Japani hapakuwa na utando wala protoni. Mota ililishwa ATP, ikawa inaivunja. Mzunguko wa kwanza ambao macho ya binadamu yaliushuhudia ulikuwa ule wa kinyume, ule wa kumeng'enya. Neno letu la Kiswahili limeshika upande uo huo.

Hatari ya kurudi nyuma

Tuseme Ziwa Kivu limekauka na mtu akaurudisha umeme kwenye mitambo ya Ruzizi. Mitambo ingeweza kugeuka pampu na kuyapandisha maji mlimani, kwa gharama kubwa na bila faida. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa bakteria anapokosa hewa au chakula. Protoni za nje zinapungua, msukumo unalegea, na mota, ambayo haina akili yake yenyewe, huanza kuivunja ATP iliyobaki ili kuzisukuma protoni nje. Akiba ya nyumba inachomwa usiku mmoja.

Hata hivyo, tusiharakishe kuuita mzunguko wa kinyume ugonjwa. E. coli akiishi mahali pasipo na oksijeni hupata ATP kwa kuchachusha sukari, na huirudisha mota nyuma makusudi, kwa sababu bila protoni zilizojazana nje hawezi kuingiza baadhi ya vyakula wala kuizungusha mikia anayoogelea nayo. Kwake kurudi nyuma ni kazi halali. (Mikia hiyo nayo ina mota zinazozunguka, lakini hizo ni mashine za namna nyingine. Bakteria wa kipindupindu, ambaye wakazi wa Uvira, Baraka na Fizi wanamjua kupita kiasi, huuendesha mkia wake kwa ayoni za sodiamu badala ya protoni.) Kwa hiyo breki ya mota ya nguvu haiwezi kuwa ya namna moja kwa wote.

Breki zenyewe

Breki ya kwanza haina kifaa chochote. Chumba kikishaivunja ATP, ADP inayobaki inapaswa kutoka. Wakati mwingine haitoki. Inabaki ndani pamoja na magnesi, na mota nzima inakwama. Wajapani walioitazama mota moja moja waliona vituo hivi kwa macho: mota inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde ilikuwa ikisimama kimya kwa nusu dakika hivi, kisha ikaanza tena bila kuguswa na mtu. Msukumo wa protoni ukirudi, ADP hiyo hung'oka. Breki hii imeonekana kwa bakteria wa aina nyingi, na hata katika mota za aina hii zilizomo katika mimea na wanyama.

Breki ya pili ina kifaa, nacho kinaitwa epsiloni. Ni kipande kidogo kilichoshikamana na mhimili, kwa hiyo kinazunguka nao, na kina mkono wa sehemu mbili. Mkono ukikunjwa chini, mota iko huru. Ukinyooshwa juu, unaingia ndani ya kichwa sambamba na mhimili na kuuzuia usigeuke, kama komeo linavyoingia katika tundu la mwimo wa mlango. Uzuri wa kifaa hiki unaonekana zaidi kwa yule bakteria wa jotoni aliyetumiwa na Wajapani. Epsiloni yake inaweza kuishika ATP. ATP ikiwa nyingi katika seli, moja hujishikiza kwenye mkono uliokunjwa na kuufanya ubaki umekunjwa. ATP ikipungua, ile iliyoshikiliwa huondoka, mkono unanyooka, na mlango unakomewa wakati ule ule ambapo akiba iliyobaki ina thamani kubwa. Tena komeo hilo linazuia kuvunja tu. Protoni zikirudi na kuusukuma mhimili upande wa kuunda, halizuii. Kwa E. coli mambo ni mazito zaidi, kwani mkono wa epsiloni yake unaweza kuzuia kuunda pia.

Breki ya tatu ni ya kundi la Paracoccus denitrificans, bakteria wa udongoni. Huyu ana kipande cha ziada kinachoitwa zeta, kilichotambuliwa na watafiti wa Mexico, na umbo lake ndani ya mota lilionyeshwa na kundi la Walker mwaka 2015. Zeta huipenyeza ncha yake kati ya vipande vya kichwa na kuibana mota isirudi nyuma, huku ikiiacha iende mbele. Sisi tungeiita kabari. Seremala yeyote anajua kwamba kabari iliyopigwa upande mmoja hushika kuelekea upande mmoja tu.

Breki ya nne ndiyo inayotugusa zaidi, kwa kuwa ni ya jamii ya bakteria wa kifua kikuu. Bakteria huyu anaweza kulala ndani ya mapafu ya mtu kwa miaka, mahali penye oksijeni haba, bila kukua na bila kufa, akijiendesha kwa ATP kidogo sana. Kwa kiumbe wa namna hiyo, mota inayorudi nyuma ni hukumu ya kifo. Mwaka 2021 kundi la John Rubinstein la Toronto, Kanada, lilichapisha umbo la mota ya Mycobacterium smegmatis, jamaa wa bakteria huyo ambaye kwa kawaida hana madhara, lililopatikana kwa hadubini ya elektroni. Umbo hilo linaashiria kwamba vipande vya alfa vina mikia mirefu iliyopinda, na kwamba mikia hiyo huunasa mhimili unapojaribu kugeuka kinyume. Watafiti wenyewe walizifananisha ncha hizo na kulabu. Ni neno ambalo mvuvi wa Kazimia angelielewa bila mkalimani.

Kauli ya kutendua

Vitabu na vipeperushi vilivyotafsiriwa hutumia neno moja kwa breki hizi zote: kuzuia. Wengine husema kuzima. Tunaona kwamba maneno haya yanamnyima msomaji kiini cha habari. Kitu kilichozimwa kimekufa kwa pande zote mbili, na kinangoja mkono wa mtu kukiwasha. Breki tulizozieleza haziko hivyo. Nyingi zinafunga upande mmoja tu, na zote hufunguka zenyewe hali ikibadilika.

Kiswahili kina njia yake ya kulisema jambo linalofungwa ili lifunguliwe, nayo ni kauli ya kutendua. Kila mwanafunzi wa isimu huanzia na funga na fungua, ziba na zibua, kisha husahau kwamba kauli hii ni zaidi ya zoezi la mtihani. Ina maana kwamba tendo la kwanza lilikuwa na mlango wa kutokea. Tunapendekeza basi kila breki ipewe jozi yake. Mota iliyoshikwa na ADP na magnesi imekwama, na protoni huikwamua. Epsiloni huikomea mota, na ATP huikomoa. Zeta hupachikwa, kisha hupachuliwa. Kulabu za alfa huunasa mhimili, na mzunguko wa mbele huunasua. Mtu asiyejua kemia hata kidogo, akizisikia jozi hizo nne, amekwisha kuelewa kwamba breki hazifanani na kwamba hakuna hata moja iliyo ya kudumu.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Vijana siku hizi hutumia komoa kwa maana ya kumtia mtu adabu, na wanaweza kucheka. Wacheke, lakini kitenzi cha zamani cha kuondoa komeo hakijaondoka katika kamusi, na maana hizo mbili hazitagongana katika sentensi inayohusu bakteria. Kuhusu neno kimeng'enya hatupendekezi lifutwe, kwa kuwa limekwisha kuenea shuleni. Tunapendekeza tu kwamba kwa mashine hii liambatanishwe na neno mota, na kwamba mwandishi ataje kila mara upande inaozungukia: wa kuunda au wa kuvunja.

Dawa isiyo na jozi

Mwaka 2005 Koen Andries na wenzake, wakifanya kazi Ubelgiji katika kampuni ya Johnson & Johnson, walitangaza dawa iliyokuja kuitwa bedakwilini. Iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2012, ikiwa dawa ya kwanza ya kundi jipya dhidi ya kifua kikuu baada ya miaka 40 hivi. Dawa hii haigusi kichwa cha mota. Inakwenda kwenye gurudumu lililo ndani ya utando, inajibana kati ya meno yake na kipande kinachopitisha protoni, na gurudumu halisogei tena. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya miezi 6 kwa kifua kikuu sugu, ambayo bedakwilini ni mojawapo ya dawa zake nne. Zamani wagonjwa wengi wa aina hiyo walitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, tena kwa sindano.

Tofauti ya dawa hii na breki za bakteria ni kwamba kwa bakteria haina kitenzi cha kutendua. Hakuna hali ya seli inayoifungua. Na kwa kuwa bakteria aliyelala anaihitaji mota yake, hata kwa mwendo mdogo sana, dawa humpata hata usingizini, mahali ambapo dawa nyingi zinazomvizia bakteria anayekua humkosa. Lakini haimuui papo hapo. Katika siku za kwanza bakteria hutumia akiba na njia nyingine za kupata ATP, na idadi yao haishuki sana. Kisha akiba inakwisha, nao wanaanza kufa.

Muuguzi anayemwambia mgonjwa kwamba dawa hii ni ya kuua wadudu hasemi uongo, ila anamwachia picha ya sumu ya panya: ukishaimwaga, kazi imekwisha. Mgonjwa aliyepata nafuu mwezi wa pili, mwenye safari ya Kigoma au msimu wa kulima, atahesabu kwamba wadudu wamekwisha kufa. Muuguzi akimwambia kwamba dawa imeshika gurudumu la mashine inayowapa wadudu nguvu, na kwamba mkono huo usipoongezewa nguvu kila mara kwa vidonge utalegea kabla wote hawajafa, mgonjwa ana sababu ya kuendelea. Anaelewa pia namna usugu unavyozaliwa, kwani bakteria waliosalia wana njia mbili za kujinasua zinazojulikana. Baadhi hubadilisha jino la gurudumu ili dawa isipate pa kushika. Wengi zaidi, kwa jinsi inavyoonekana kwa wagonjwa, huongeza pampu zinazoitema dawa nje ya seli. Badiliko la namna hiyo likishaingia katika urithi wa bakteria, huenda pamoja naye kwa mtu mwingine anayemwambukiza, awe Baraka, awe Nyarugusu.

Jozi tulizozipendekeza tumezipima kwa sikio letu na kwa kamusi tu. Zinangoja kupimwa na wale wanaozungumza na wagonjwa kila asubuhi, katika pande zote mbili za ziwa, ambako hata neno mdudu halieleweki kwa namna moja.